Tupeane uzoefu: kupaka rangi makochi ya kitambaa kwa hali ya hewa yetu ya Mombasa

Binti Kuze

Salamu kwenu nyote. Leo nataka tuzungumzie kupaka rangi viti vya kitambaa. Sisemi mbao zake, nasema kitambaa chenyewe. Ukilitaja jambo hili wengi watakwambia haliwezekani. Mimi nimepaka viti viwili vya mikono vilivyokuwa vya marehemu nyanya yangu, viko ukumbini na vinakaliwa kila siku. Maelezo mengi yanayozunguka ni ya watu wa nchi ambazo hewa yake ni kavu, nasi hapa tuna bahari pande zote. Kwa hivyo aliyejaribu aseme, kiwe kilifaulu au hakikufaulu.

Vyangu vilikuwa vya pamba, kitambaa kimefumwa bapa, cheupe kilichogeuka manjano. Mbao ni mvule na sponji bado nzima, ndiyo maana nilivionea uchungu. Nilinunua rangi ya maji ya ukutani, ile silki inayooshwa, kijani iliyokoza. Nikaizimua kwa maji, nusu kwa nusu, mpaka ikawa nyepesi kama tui la pili. Hapo ndipo watu wengi huogopa, wakaipaka nzito.

Jambo lililonisaidia zaidi ni maji ya chupa ya kupulizia. Kabla ya kila mkono wa rangi nilikilowesha kitambaa kikawa na unyevu, bila kutona. Kitambaa chenye unyevu huivuta rangi ikaingia ndani ya nyuzi. Kikiwa kikavu rangi hukaa juu yake, ikafanya gamba, na gamba likikaliwa hupasuka. Mkono wa kwanza utakuvunja moyo kwa mabaka yake. Usiongeze rangi. Acha ikauke kabisa, pitisha msasa laini, namba 220 au zaidi, kwa mzunguko bila kukandamiza, pangusa vumbi, kisha rudia. Mimi mkono wa tatu ndio uliofunika. Kitambaa kimekaza kidogo, ukikigusa ni kati ya turubai na ngozi, lakini hakikwaruzi.

Fundi wa Tudor

Dada, umeeleza vizuri. Mimi ni fundi wa makochi na wengi hudhani nitaipinga kazi hii kwa kuwa inaninyima mkate. Siipingi. Kiti chenye mbao nzuri kisitupwe kwa sababu ya rangi ya kitambaa tu.

Ila kikague kwanza. Kandamiza kalio kwa goti. Ukisikia springi zinalia, au kanda za chini zimelegea, kifungue ukitengeneze kabla ya kupaka. Kitambaa kilichopakwa hakivutiki tena vizuri, ukikibandua pembeni rangi itakatika kwenye mkunjo. Kisha tia tone la maji juu ya kitambaa. Likizama, endelea. Likibaki limeviringika juu, ujue kitambaa hicho kimetiwa dawa ya kuzuia madoa na rangi haitakiingia. Bahameli usiiguse kabisa, manyoya yake yatagandana na kukwaruza miguu ya watu.

Na hili ni letu la pwani: kutu. Hewa ya chumvi hula misumari na pini za stepo chini ya kitambaa. Ukilowesha kiti, ile kutu hutoka na maji ikapenya rangi, utaona vidoa vya kahawia kwenye kingo hata baada ya kupaka. Kupaka tena juu yake hakusaidii, doa hurudi. Ng'oa zilizooza, weka mpya, na za kuonekana nje ziwe za shaba nyeupe au za njano zisizoshika kutu.

Mama Kisauni

Fundi, Mungu akuzidishie. Mimi naongezea habari ya ukungu, maana kiti changu kilikuwa nao mgongoni, upande uliokuwa umeegemea ukuta.

Rangi haiui ukungu. Inaufunika tu, nao huendelea kula chini kwa chini, na harufu hutoka kila mtu akikaa. Nilikitoa nje, nikaukwangua ukiwa mkavu kwa brashi ngumu, pua nimeifunga leso, nikapangusa kwa siki, kisha nikakiacha juani mpaka ndani kukauka. Sponji hukauka polepole mno, juu pakishakauka wewe unadhani tayari, kumbe katikati bado.

Kwa sababu hiyo mimi nilingoja kaskazi. Januari na Februari jua ni kali na mvua haba, unalowesha asubuhi na ikifika alasiri kiti kimekauka. Wifi yangu alipaka masika, mwezi wa Mei, ndani ya chumba chenye dirisha moja. Rangi yenyewe ilishika vizuri sana, lakini sponji ilivunda na kiti kikaishia kwa mkokoteni wa vyuma chakavu. Anayetaka kupaka wakati wa kusi, angalau awe na feni na achague siku za jua mfululizo, na aloweshe juu juu tu.

Mkaaji wa Likoni

Mimi sikupaka, nilinunua kiti cha mitumba kilichokwisha pakwa. Kilimetameta nikakipenda. Aliyekipaka alitumia rangi ya mafuta, ile ya milango. Haikupita muda kalio lilianza kuchanika vipande vipande, vinashika nguoni mwa watoto. Je, kuna njia ya kukiokoa, fundi, au nibandue tu?

Fundi wa Tudor

Bandua, ndugu yangu. Rangi ya mafuta hukauka ngumu na kitambaa hunepa kila mtu akikaa, haviwezi kwenda pamoja. Wala usipake ya maji juu yake, haitashika. Kitambaa kile kitumie kama kipimo cha kukatia kipya.

Mwalimu wa Ganjoni

Nami nina viti vya mezani, vile ambavyo kalio hufunguliwa kwa skrubu nne. Kwa anayeanza, hivi ndivyo bora kabisa: unakitoa kikalio, unakipaka mezani, ukiharibu hujaharibu kiti kizima.

Mimi nilitumia rangi ya aina ya chaki. Iliyoanza kujulikana kwa jina hilo ilibuniwa na Annie Sloan, mtaalamu wa rangi wa Uingereza, mwaka 1990, na hupakwa mbao na kitambaa pia. Kuna wanaojitengenezea nyumbani kwa kutia plasta ya Paris ndani ya rangi ya maji. Kwenye kabati inafaa, lakini kwenye kitambaa plasta hufanya rangi kuwa kavu na kumeguka, kwa hivyo msiitumie hapo.

Maelezo ya watengenezaji wa rangi ya chaki husema umalizie kwa nta laini. Nilipaka nyembamba sana, nikaisugua mpaka kitambaa kikavu hakishiki kitu, kwa sababu joto letu huilainisha nta. Na hapa naomba mnisikilize: rangi kukauka si kukomaa. Ukigusa jioni ni kavu, lakini inahitaji wiki kadhaa, hata mwezi, ndipo iache kabisa kushika nguoni. Nilitandika shuka kuukuu juu ya viti muda wote huo. Wajukuu zangu huja Ijumaa kutoka msikitini na kanzu nyeupe, sikutaka kanzu hata moja ipate bluu. Kabla ya kuondoa shuka nilisugua kikalio kwa kitambaa cheupe chenye maji, kikatoka cheupe vilevile.

Binti Kuze

Mwalimu, shikamoo, na asante. La kanzu sikulifikiria kwa sababu vyangu nilivipaka kabla ya kusafiri. Nina swali: dada yangu ana sofa ya hudhurungi iliyokoza na anaitaka iwe krimu. Inawezekana?

Fundi wa Tudor

Kutoka rangi ya mwanga kwenda iliyokoza ni rahisi. Kinyume chake utaongeza mikono ya rangi mpaka kitambaa kiwe kigumu, na maua au mistari ya zamani bado itachungulia. Mwambie achague kijivu iliyokoza au bluu bahari. Akishikilia krimu, avalishe upya, na kitambaa akakinunue mwenyewe ajue ubora wake.

Mama Kisauni

Na kama sofa hiyo ina mito yenye zipu, Binti Kuze, mwambie avue foronya zake kwanza na kuzipaka rangi zikiwa juu ya ubao, ametia mfuko wa nailoni katikati. Rangi ikipakwa juu ya mto hujaa kwenye meno ya zipu, na siku ya kufua haifunguki. Mishono nayo aianze kwa brashi ndogo kabla ya kwenda katikati, maana hapo ndipo nyeupe hubaki, na huiona siku umeshafunga kopo.