Mkono unachagua kabla ya akili, kwa nini?

Wakuu naombeni msaada, kila nikienda kununua sabuni najiambia leo nachukua ya bei nafuu maana nimesoma viambato ni vilevile kabisa, ila nikifika pale mkono unaenda kwenye ile niliyoizoea, tatizo nini?

— Ndo mtazamo uliojificha huo, yaani kupenda au kutopenda kitu kunakokuja kabla hujafikiri. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha 1968 kwamba kitu tukikiona mara nyingi tunaanza kukipenda tu.

— Mwanasaikolojia Anthony Greenwald na wenzake walitoa kipimo cha mtazamo huo 1998, wanaangalia kasi yako ya kuunganisha maneno na picha. Ila kisikuhukumu, ukirudia majibu yanaweza kubadilika.

— Mi naona uchovu na haraka ndo vinaupa nguvu mtazamo huo. Andika orodha kabla hujatoka.

— Kweli aisee, huwa naenda nimechoka!