Wakuu wa judo, kabali ya ukosi inanigomea: jamaa anaficha kidevu

Mwana Makole:
Habari za humu wakuu. Niko Dodoma, jioni tunajifunza judo kwenye ukumbi mmoja mtaani, makoti yenyewe ya mtumba. Kurusha naenda vizuri, shida ipo tukishafika chini. Kuna mwenzangu fundi wa kuchomelea mageti, shingo hana, kichwa kimekaa mabegani moja kwa moja. Nikimpata kwa nyuma nimpige okuri-eri-jime, yaani hiyo kabali ya kumkaba kwa ukosi wa koti lake, anazamisha kidevu kifuani. Navuta mpaka vidole vinakufa ganzi, ukosi umemlalia kwenye taya, yeye anapumua tu. Kocha anasema "vuta zaidi". Nguvu zaidi nizitoe wapi? Mwenye uzoefu anisaidie.

Pweza wa Forodhani:
Mkuu, shida yako inaanza kabla hujavuta. Koti limelegea, hasa hilo lililochoka kwa kufuliwa, kwa hiyo unakamata kitambaa kitupu. Pitisha mkono wa kushoto chini ya kwapa lake la kushoto, shika ukosi wa upande huohuo, uteremshe mpaka ukaze. Ndipo mkono wa kulia, ulioizunguka shingo kwa mbele, uushike juu kabisa, karibu na sikio, dole gumba likiwa ndani. Halafu mkono wa kushoto unahamia ukosi wa kulia na kuvuta chini. Unaibana mishipa ya damu ya pembeni mwa shingo, siyo koo. Ikikaa sawa mtu anazima ndani ya sekunde kama 10. Akianza kukohoa na kukoroma, ujue uko kooni.

Mwana Makole:
Na kidevu je?

Pweza wa Forodhani:
Usishindane nacho. Ingiza mkono wakati anahangaika kugeuka. Akishajifunga, umechelewa.

Zabibu Kavu:
Au badili, nenda kata-ha-jime, kabali nyingine ya ukosi kutokea nyuma. Fundi akiung'ang'ania mkono wako wa kulia ajiokoe, kwapa la kushoto linabaki wazi. Inua mkono wake kwa mkono wako wa kushoto, kiganja kikapite nyuma ya kisogo. Mimi naipenda kuliko hiyo yako. Ila mashindanoni usimkabe mtu kwa mkanda wala pindo la chini la koti, refa anakuadhibu.

Dalali Mstaafu:
Nimeingia nikitafuta kiwanja Iyumbu, nakuta darasa la roba. Vibaka wasiuone huu uzi jamani.

Dada Nesi:
Utani pembeni. Akigonga kuonyesha amekubali kushindwa, iwe mwilini mwako, mkekani au kwa mguu, achia hapohapo. Mikono yake ikilegea ghafla, achia pia, aliyezimia hagongi. Aliyezimia asirudi mkekani siku hiyo hata akisema yuko poa, na sauti ikibadilika au shingo ikiendelea kuuma, hospitali. Watoto msiwafundishe hayo mambo. Na msijaribu bila kocha kuwepo.

Mwana Makole:
Shukrani sana dada, na wakuu wote. Swali la mwisho: mimi ni mashoto. Nageuza mikono yote?

Pweza wa Forodhani:
Geuza yote. Na ukate kucha.