Mbwa wangu akisikia tu mashine ya kunyolea anatetemeka, nifanyeje kabla sijamrudisha saluni?

MamaPipi:
Habari zenu wadau. Nina mbwa jike aina ya Maltese, miaka mitatu, tuko Dar. Wenye mbwa hawa mnajua manyoya yao yanakua tu kama nywele zetu, usipomnyoa kila baada ya wiki sita saba hivi yanafungana mabonge. Mwezi wa pili nikampeleka saluni ya mbwa, wakaniambia mama muache hapa uje saa tisa. Kurudi namkuta yuko ndani ya keji draya inampulizia, hakuna mtu karibu, anahema ulimi nje na mate yanamtoka, na tumboni kule karibu na mapaja kuna wekundu kama ameungua. Nauliza najibiwa mbwa wako mkorofi hatulii. Siku mbili hakula vizuri. Toka hapo mume wangu akiwasha mashine yake ya ndevu Pipi anakimbilia uvunguni anatetemeka.

Sasa mabonge yamerudi, nyuma ya masikio na kwapani, nikimgusa analia. Kuna mtu kanishauri nimpe nusu Piriton asinzie ndo nimpeleke ila roho inasita. Naombeni msaada jamani, namuonea huruma sana.

FundiManyoya:
Pole sana dada. Hii kazi naifanya mwaka wa saba sasa na ulichosimulia kimeniuma, maana hapo mbwa hana ukorofi wowote, mbwa alikuwa anaumia.

Wekundu wa tumboni ni mashine, karibu nina uhakika. Kile chuma cha kunyolea kikifanya kazi muda kinapata moto, na ngozi ya tumbo na mapaja ni laini mno. Mimi kila baada ya dakika chache nakigusisha kwenye mkono wangu kwa ndani, nikisikia moto nabadilisha kingine au napumzika. Ambaye hafanyi hivyo anaunguza mbwa bila hata kujua.

Hilo la keji na draya ndo baya zaidi na naomba kila anayesoma hapa alishike. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Sasa ukimfungia sehemu ndogo halafu unampulizia hewa ya moto, anahema hewa hiyohiyo ya moto, atapoa saa ngapi? Na joto la Dar la mwezi wa pili unalijua, hewa yenyewe ina unyevu. Mbwa mzima joto lake linacheza kwenye 38 na 39, likifika 41 hiyo ni dharura, mbwa wanakufa hivyo. Wale wa pua fupi kama Pug na Shih Tzu ndo kabisa. Mimi nakausha na taulo kwanza tena taulo mbili tatu, halafu draya ya mkononi hewa isiyo ya moto, mbwa yuko mbele yangu.

Kwahiyo kabla hujamuacha kokote uliza mnakaushaje, na nani anabaki naye. Uliza na ile kamba ya shingoni pale mezani, kuna mtu anamfunga mbwa halafu anaenda kupokea simu, mbwa akiruka ananing'inia. Ukiomba kuangalia wanavyofanya wakakataa kukuonyesha hata sehemu ya kufanyia kazi, ondoka na mbwa wako.

Na mabonge usiyakate na mkasi nyumbani!! Ngozi inavutwa inaingia ndani ya bonge, unadhani unakata manyoya kumbe unakata kwapa. Usimwogeshe pia kabla hayajatoka, yakilowa yanakaza zaidi. Hapo ni kunyoa fupi kabisa, urembo baadae.

DaktariWaMifugo_Moro:
Naunga mkono fundi hapo juu. Mimi niongelee dawa.

Dada usimpe hiyo Piriton kwa kukisia. Tunaitumia kwa mbwa wenye mzio, ila kwa kipimo cha uzito wake, na Maltese mara nyingi hafiki hata kilo nne, nusu ya kidonge cha mtu mzima sio kitu cha kubahatisha kwake. Tena kuna mbwa inawafanya wahangaike badala ya kutulia. Na saluni yoyote ikikwambia tunamchoma kasindano atulie wakati hakuna daktari pale, kataa. Kuna dawa ya kutuliza ya zamani inaitwa acepromazine, mbwa analegea mwili unaona katulia, kumbe uoga uko palepale, anasikia kila kitu ila hawezi kujitetea. Kama mabonge ni mengi kiasi kwamba kumgusa tu analia, mpeleke kwa daktari amwangalie ngozi na moyo kwanza, anaweza kumpa ya kutuliza maumivu au akanyolewa palepale chini ya usimamizi wake.

Jingine, uliza wanatumia dawa gani ya kupe. Nimeshapokea mbwa zaidi ya mmoja wameogeshwa dawa ya josho la ng'ombe imekorogwa kwa macho, wanakuja wanadondosha mate wanatetemeka. Na saluni isiyokuuliza kadi ya chanjo usiiamini, maana hata hao mbwa wengine waliokutana na wako hawajaulizwa.

Wanjiku_wa_Snowy:
Niko Nairobi, yangu ni Japanese Spitz na alikuwa hivyohivyo, alimuuma mtu wa kumkata kucha vibaya sana kwa sababu mara ya kwanza walikata mpaka mshipa wa ndani damu ikatoka. Mimi nilianza upya nyumbani. Wiki ya kwanza mashine imezimwa, imewekwa tu sakafuni, akiikaribia anapata kipande kidogo cha maini ya kuchemsha. Halafu naiwasha chumba kingine mlango umefungwa, yeye anakula maini. Halafu mlango wazi. Halafu karibu. Halafu namgusisha mgongoni ikiwa imezimwa. Ilichukua kama miezi miwili na kuna siku tulirudi nyuma, ni sawa, usimlazimishe. Dakika tatu kwa siku zinatosha kabisa. Masikio na miguu mguse kila siku hata kama hakuna kazi, azoee mikono.

Na kwa wenye Spitz au German Shepherd, msikubali wanyolewe upara eti joto. Yale manyoya mawili, ya juu na ya chini, yanamkinga na jua pia, na ukiyanyoa yanaweza yasirudi vile yalivyokuwa. Hao ni kuchana tu.

MamaPipi:
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Nitajuaje amechoka kabla hajafikia kulia? Na kumfikisha huko ni bajaji, akiwa ndani tu anaanza kutetemeka.

FundiManyoya:
Anaanza kulamba midomo bila chakula, anapiga miayo wakati hana usingizi, anageuza uso huku anakuangalia kwa pembeni mpaka weupe wa jicho unaonekana. Mkia unaingia katikati ya miguu. Ukimpa maini akayakataa wakati anayapenda, simama hapohapo. Ukisubiri mpaka angurume umechelewa, na akizoea kwamba ishara ndogo hazisikilizwi ataruka moja kwa moja kwenye kuuma.

Bajaji mweke kwenye kikapu chenye mfuniko, na khanga yako uliyoivaa ndani, usimwachie mapajani maana akiruka barabarani ndo basi. Mtembeze kwanza ajisaidie, na asiwe ameshiba. Na omba saa ya kwanza kabisa asubuhi, hakuna jua na hakuna mbwa wengine wanaobweka.

MamaPipi:
Nimeshaongea na daktari wa huku kwetu, Jumanne saa mbili asubuhi anamwangalia ngozi halafu wananyoa kwapa na nyuma ya masikio tu, mwili mzima tutafanya siku nyingine. Amekubali nikae naye. Mashine ya mume wangu nimeiweka sakafuni sebuleni toka jana imezimwa, Pipi ameizunguka kwa mbali, leo amekuja kuchukua ini karibu nayo kama hatua mbili hivi.