Polishi kwa mkono au kwa mashine: G3, Meguiar's, Menzerna au Super Resin kwenye rangi nyeusi?

Mzizima_202 (Dar es Salaam)

Habari zenu wakuu. Mada za kuosha gari zimejaa humu, ila ya kulinganisha polishi zenyewe sijaiona, basi naianzisha mimi.

Gari ni Toyota nyeusi, namba ya rangi 202, imekuja kutoka Japani na bado ina rangi yake ya kiwandani. Wenye 202 mnaijua adha yake. Ni nyeusi tupu, haina chembe za metali za kuficha chochote, halafu ni laini kupindukia. Dogo wa kuosha magari akiipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, kesho yake juani boneti nzima ni utando wa buibui wa mikwaruzo midogo.

Nimegawa boneti kwa teipu ya karatasi, ile ya mafundi rangi. Kila polishi ikapata kipande cha mkono (sponji ndogo ya duara) na kipande cha mashine (DA, ile inayozunguka huku ikiyumba, pedi ya sponji ya ugumu wa kati). Baada ya kufuta nilipitisha spiriti ya isopropili iliyozimuliwa na maji, maana mafuta ya polishi hujaza mikwaruzo, na ukikagua kabla hujayaondoa utajisifu bure.

Farecla G3 ya kopo: kwa mkono na matone ya maji inakata kweli, lakini iliniachia ukungu wa kijivu. Kwa mashine mikwaruzo iliondoka, ukungu ukapungua, haukuisha.

Meguiar's M105: kwa mkono hakuna iliyoifikia. Mkwaruzo mmoja mrefu karibu na taa ulifutika nikiwa naona. Kero yake inakauka upesi na vumbi lake linaingia hadi kwenye vitundu vya kurushia maji ya kioo. M205, ndugu yake wa kumalizia, juu yake ikarudisha weusi.

Menzerna 2500: kwa mashine ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, haina vumbi na inafutika kirahisi. Kwa mkono nilisugua mpaka bega likauma, kipande kikabaki vilevile.

Autoglym Super Resin Polish: kwa mkono ni raha tupu, gari inang'aa papo hapo. Ilipopita spiriti, sehemu kubwa ya utando ikarudi.

Swali: kama ni chupa moja tu, kwa 202, mngechukua ipi?

Fundi_Keko (Dar es Salaam)

Mkuu, hiyo spiriti peke yake imekutofautisha na nusu ya wanaojiita wataalamu mjini.

Tuanze na Menzerna, usije ukaitupa bure. Chembe zake za kusagia zimeundwa zivunjike. Zinaanza kubwa, zinakata, zinapondekapondeka mpaka zinakuwa laini na kumalizia zenyewe. Kinachozivunja ni mashine: mzunguko, kani na joto kidogo. Mkono wako hauna spidi hiyo. Kwa hiyo ulipokuwa unasugua, chembe zilikuwa zinateleza tu. M105 na M205 zimejengwa kinyume chake. Chembe zao ni ndogo tangu mwanzo na hazivunjiki, zinaendelea kukata muda wote unaosukuma, iwe mkono au mashine. Ndiyo maana mkononi ulipata matokeo. Ukielewa hilo, karibu matokeo yako yote yanajieleza.

Kuhusu G3 sikubaliani nawe moja kwa moja. Hiyo ni dawa ya gereji, kazi yake ni kuondoa alama za msasa wa maji baada ya kupaka rangi. Nayo chembe zake zinapondeka, na maji ni sehemu ya kazi: ikianza kukauka unanyunyiza kidogo, inaamka tena. Ule ukungu ni alama za G3 yenyewe kwenye rangi laini, na dawa yake ni kufuata na daraja la kumalizia kama G10. Umeipa jukumu la kuanza na kumaliza, haikuumbwa hivyo.

Kwa 202, chupa moja: M205. Pedi laini ya sponji, basi. Hiyo rangi haihitaji M105 labda kwa mkwaruzo mmoja mmoja.

MamaImpreza (Nairobi)

Asante kwa kazi nzuri, Mzizima. Naongea kwa niaba yetu sisi wa ghorofani ambao maegesho hayana soketi ya stima. Mashine ninayo wapi?

Mimi hutumia Super Resin, na sioni aibu. Ndiyo, inajaza badala ya kukata. Lakini gari ninaitumia kila siku, Thika Road na vumbi la kazi za ujenzi, na kliya (lile tabaka la juu lisilo na rangi) ya kiwandani ni nyembamba. Nikiikata kila nikiona utando, baada ya miaka michache nitakuwa nimebaki na nini? Naijaza, napaka waksi juu, ikioshwa ikarudi naijaza tena. Kila mtu na shabaha yake.

Mahali mkono unaishinda mashine ni vile vijikombe nyuma ya vishikio vya mlango. Angalieni gari yoyote nyeusi: kucha zimechora mle kama kuku amepekua. Hakuna pedi ya mashine inayoingia. Naweka tone la polishi kwenye sponji iliyokatwa vipande, nasukuma kwa vidole viwili, mbele na nyuma, nafuta. Dakika chache kila mlango na gari inaonekana imetunzwa. Nguzo za kati ya vioo pia, zile nyeusi za plastiki inayong'aa, mkono tu.

Kijana_wa_Gongo (Dar es Salaam)

Wakuu mi nina grinda, nimeona wauza vifaa Kariakoo wana pedi ya sufi inayofunga palepale kwenye jiwe. Si ni mashine tu hiyo? M105 na sufi na grinda, nimalize kazi.

Fundi_Keko

Dogo, shusha hiyo grinda taratibu. Grinda ndogo ya jiwe la milimita 115 inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya polishi inafanya kazi kati ya 600 na 3,000 hivi, na una kitufe cha kupandisha polepole. Ukigusa boneti kwa grinda, kabla hujasema lolote kliya imeungua. Kwenye bampa ni haraka zaidi, plastiki haisambazi joto kama bati, linabaki palepale. Na kwenye kingo, pale bati linapopinda, rangi huwa nyembamba kuliko pote. Wateja wanaletewa kwangu magari yenye mstari mweupe kwenye ukingo wa fenda, nauliza nani kafanya, "kuna kijana mtaani ana mashine".

Huna hela ya DA, fanya kwa mkono.

Nyali_Mzungusha (Mombasa)

Hamjambo ndugu zangu. Mimi natumia rotari, mashine inayozunguka tu bila kuyumba, na naona hapa imesahauliwa. DA ni salama, sikatai, lakini kwa rangi ngumu utalala njaa. Leteni Audi au Volkswagen mweke M205 na sponji laini, muone kama kuna kitu kitasogea. Rangi nyingi za Kijerumani ni ngumu, zinataka M105 au Menzerna ya kukata, ile 400, na pedi ya sufi au ya mikrofaiba. Halafu unamalizia kwa DA kufuta yale mawingu yanayoachwa na rotari, yale yanayotembea ukizunguka gari juani.

Kwa hiyo swali la chupa moja halina jibu mpaka ujue rangi yako. Ndiyo maana mafundi wa maana huanza na kipande cha sentimita 50 kwa 50 na kitu laini kabisa. Kikifaulu, wamemaliza kufikiri. Kikishindwa wanabadili pedi kwanza, kabla ya kubadili chupa. M205 kwenye pedi ngumu na M205 kwenye pedi laini ni kama dawa mbili.

Huku pwani tuna adui mwingine: madoa ya maji ya kisima. Maji ya chumvi yakikaukia juani kwenye boneti ya moto, chokaa inang'ata rangi. Kabla ya polishi jaribu siki nyeupe iliyozimuliwa, kivulini, kisha suuza sana. Yaliyotoka yametoka. Yaliyobaki kama vishimo ndiyo ya polishi, na mengine hayatoki mpaka utoboe kliya. Hayo yaache.

Mzizima_202

Nashukuru. Fundi, hilo la chembe kuvunjika limenifungua, nilikuwa nadhani nimeuziwa Menzerna feki. Nyali, suala la kubadili pedi kwanza nitalifanyia kazi.

Ila kuhusu kupungua kwa kliya: tunajuaje tumebakiwa na kiasi gani?

Fundi_Keko

Kwa kipimo cha unene wa rangi. Rangi nzima ya kiwandani, kuanzia bati mpaka juu, mara nyingi inasoma kama maikroni 100 hadi 150. Kliya ndani ya hapo ni takriban 35 hadi 50, pungufu ya unene wa karatasi ya kuandikia. Kipimo cha kawaida hakitenganishi kliya na rangi, kinatoa jumla. Ukikuta paneli moja inasoma 300 na nyingine 120, hiyo ya 300 imepakwa upya, au chini yake kuna puti. Ninapoipokea gari hupima kila paneli kabla ya kuwasha mashine. Huna kipimo, tumia ukucha: pitisha juu ya mkwaruzo, ukucha ukinasa, huo si wa polishi tena. Upunguze makali uachane nao.

Jambo lingine kwa wanaotaka kupaka rangi upya. Polishi na waksi nyingi za madukani zina silikoni. Ikibaki hata kidogo, rangi mpya inajitenga na kuacha vishimo vya duara. M105, M205 na G3 hazina silikoni, ndiyo maana zinakaa gereji. Na rangi ikiwa mpya usiifunike kwa waksi mapema, iache ipumue wiki kadhaa.

Babu_Peugeot (Tanga)

Wanangu, mnazungumza kliya, sisi wengine tuna gari hazina kliya kabisa. 504 yangu nyeupe imepauka, ukiipitisha kiganja unatoka na unga. Wakati wetu tulikuwa tunapangusa na mafuta ya taa. Na mjukuu wangu ananiambia dawa ya meno inatosha.

Nyali_Mzungusha

Shikamoo Babu. Ule unga ni rangi iliyokufa juu, na gari yako ni rahisi kuliko zote zilizotajwa hapa. G3 na maji, kwa mkono, paneli moja moja. Sponji itageuka nyeupe, usishtuke: kwa rangi isiyo na kliya unatoa rangi yenyewe, ndivyo inavyotakiwa. Suuza sponji mara kwa mara, kisha upake waksi nzito, maana rangi hizo zikiachwa wazi zinarudi kupauka.

Mafuta ya taa yanang'arisha siku mbili halafu yanakusanya vumbi. Dawa ya meno inasaga, lakini imeundwa kwa jino, hujui inasaga kiasi gani. Mwambie mjukuu aibakize bafuni.

Babu_Peugeot

Marahaba mwanangu. G3 nitaitafuta.

MamaImpreza

Fundi, mimi bado sijaridhika. Mnamwambia Mzizima M205, sawa. Lakini M205 haiachi kinga yoyote. Mtu wa mkono mwenye Jumamosi moja kwa mwezi atapiga M205, afute, apake waksi, afute tena. Super Resin anapata mng'ao na kinga kidogo kwa mkupuo mmoja.

Fundi_Keko

Dada, kwa mtu wa mkono mwenye haraka nakubali, hapo una haki. Ubishi wangu ni kwa mwenye mashine. Yeye hana sababu ya kujaza kitu anachoweza kukiondoa.

Mzizima_202

Basi M205 na pedi mbili, laini na ya kati, kwa gari nzima. Menzerna sitaiuza. M105 naiweka kwa mikwaruzo ya mkono, na Super Resin anaichukua mke wangu kwa Vitz yake nyeupe.

Swali la mwisho: mara nyingine DA inanguruma lakini mikwaruzo haitoki. Tatizo ni nini?

Nyali_Mzungusha

Pedi haizunguki, inatetemeka tu. Chora mstari kwa kalamu nzito pembeni ya sahani ya pedi, uwe unauona ukifanya kazi. Mstari ukisimama, unabonyeza mno au umeinamisha mashine. Legeza mkono, laza pedi bapa, spidi ya 4 au 5, na isogeze polepole kuliko unavyodhani. Na kila ukimaliza paneli isugue pedi kwa brashi, pedi iliyolowa dawa haikati.

Kijana_wa_Gongo

Grinda nimeirudisha stoo. Kuna mwenye DA ya kukodisha Ilala?