Nachambua masoko kwenye kampuni ndogo ya makaa ya mawe hapa Mtwara: niache kazi sasa au nisubiri meli iondoke?

KijanaWaNaliendele
Wakuu habari za usiku. Naombeni mnisome mpaka mwisho, leo siku ya nne sijalala sawasawa.

Nina miaka 28, nimesoma uchumi. Mwaka na miezi miwili sasa niko kampuni ndogo inayonunua makaa ya mawe Ruvuma na kuyauza nje kupitia bandari yetu. Tuko tisa tu, ukihesabu bosi, mhasibu, watu wa yadi na walinzi. Mimi ndiye mchambuzi. Asubuhi naangalia bei ya makaa ya Richards Bay, bandari ya Afrika Kusini, imeamkaje, nauli ya meli kwenda India, dola iko wapi, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi nasubiri bei mpya za mafuta za EWURA, maana dizeli ya malori kutoka Mbinga mpaka hapa ndiyo inayokula faida. Halafu namwambia bosi: tukinunua leo kwa bei hii, tutabaki na kiasi gani. Kazi naipenda, sitaki kuwadanganya.

Tatizo ni hili. Tuna tani 8,000 yadi, mnunuzi yuko India, meli inategemewa ndani ya siku kumi. Mkataba unasema sampuli zichukuliwe wakati wa kupakia. Bosi amemwomba mnunuzi akubali majibu ya maabara ya sampuli zilizochukuliwa yadi mwezi uliopita, eti kuokoa muda, na mnunuzi amekubali. Lakini tangu zile sampuli mvua imenyesha karibu wiki tatu, na turubai zetu hazifuniki hata nusu ya rundo, na makaa yakiloa joto lake kwa kilo linashuka. Nimeambiwa mimi ndiye nitume majibu yale. Nilipouliza nikajibiwa, "Wewe kazi yako hesabu, mvua niachie mimi."

Nina nafasi nyingine Dar, kampuni ya usafirishaji, mshahara umepungua kidogo. Niache sasa au nisubiri meli iondoke? Natanguliza shukrani.

BabaShamimu
Mdogo wangu, ajira zenyewe unazijua. Vijana wenye digrii wako stendi wanapiga debe. Bosi ndiye mwenye mali na ndiye atakayeulizwa. Tuma karatasi, pokea mshahara, swali sala zako.

KiwanjaLikongo
Kijana, kosa lako lilianza pale ulipochagua makaa ukaacha gesi. Huku kusini gesi ndiyo mpango. Mnazi Bay imegunduliwa 1982, Songo Songo 1974 kabla hata baadhi yetu hatujazaliwa. Mimi mwaka 2014 nilinunua kiwanja Lindi kwa ajili ya ule mradi wa kusindika gesi kuwa kimiminika pale Likong'o. Juni 2022 makubaliano ya awali yaliposainiwa Dodoma nilichinja mbuzi. Mpaka leo kiwanja kina mikorosho mitatu na kichuguu, lakini sijauza na siuzi. Uvumilivu, kijana.

DerevaWaTunduru
Mimi ndiye ninayewaletea hayo makaa, njia ya Songea, Tunduru, Masasi, Mtwara. Mwaka 2022 baada ya vita ya Urusi na Ukraine kuanza, Ulaya ilitafuta makaa kila kona ya dunia, na huku kwetu zikaanza kuja meli ambazo hatukuwahi kuziota. Bei ya makaa ya Australia ilipita dola 400 kwa tani. Kila mwenye shamba akawa anataka kununua lori. Mwaka uliofuata bei ikaporomoka, na nawajua watu wawili ambao malori yao yamekaa juu ya mawe mpaka leo, matairi yameshauzwa.

Na hilo rundo lenu mliangalie. Makaa yakikaa muda mrefu yanajipasha moto yenyewe kwa ndani. Nimewahi kuona yadi moja asubuhi rundo linafuka moshi mwembamba kama wa ubani, na hakuna aliyewasha kitu.

MamaWaLigula
Mwanangu, nimekusoma mara mbili. Kuacha kazi ni barua moja, na kazi nyingine unayo mkononi. Hilo halimkoseshi mtu usingizi siku nne. Kuna kitu umekiruka. Kiseme ndipo tukushauri.

KijanaWaNaliendele
Shikamoo mama. Hamna kilichorukwa, ni mawazo tu ya kazi. @BabaShamimu nashukuru kaka, lakini karatasi itakwenda na anwani yangu ya barua pepe, si ya bosi.

BintiMikindani
Kwa nini hukusema "niache sasa", ukaongeza "au nisubiri meli iondoke"? Meli ikiondoka wewe unapata nini?

KijanaWaNaliendele
Sawa. Naona hamtaniacha.

Mwezi wa kumi na moja bosi alipungukiwa hela ya kumalizia mzigo huu. Akatuambia wafanyakazi tunaotaka tuchangie, mzigo ukilipwa kila mtu anarudishiwa chake na faida. Mimi niliweka milioni 5, akiba yangu yote. Mama yangu yuko Nanyamba, malipo yake ya korosho yalikuwa yameshaingia benki kupitia AMCOS, chama chao cha ushirika. Nikamwomba milioni 3 na laki 2. Alinipa bila kuuliza, akasema tu zirudi kabla ya kupalilia.

Na yupo mlinzi wetu, mtu mzima, tunamwita Mzee. Aliweka milioni 1 na laki 8. Alizitoa kwa sababu mimi nilikaa naye lindoni nikamwandikia hesabu kwenye karatasi: tani hizi, bei hii, gharama hizi, wewe utapata hiki.

Tulikubaliana anayetaka kujitoa ajitoe kabla meli haijafunga gati. Jana nilimwambia bosi mama anaumwa, nahitaji hela zangu na zake. Amesema wiki ijayo atanipa. Mama haumwi. Ndiyo maana nauliza.

MamaWaLigula
Na Mzee?

KijanaWaNaliendele
Mama, nikimwambia Mzee, kesho asubuhi yadi nzima inajua, wote watataka hela siku moja na bosi hana hela hiyo. Hapo hakuna atakayepata hata shilingi. Mimi natoa ya mama kwanza. Yeyote mwenye mama angefanya hivyo. Na Mzee ni mtu mzima, hakulazimishwa.

BintiMikindani
Hakulazimishwa, aliandikiwa hesabu na msomi aliyemwamini. Hukumpa karatasi ili asiwe na la kuuliza?

MkulimaWaMnolela
Hii haina tofauti na kangomba. Kangomba anamfuata mkulima mwezi wa saba, mtoto anatakiwa shule, ndani hamna unga. Anamlipa korosho zikiwa bado maua kwa kipimo chake, kwa sababu yeye anajua msimu utakavyokuja na mkulima hajui. Baba yangu aliuza hivyo miaka mitatu mfululizo. Tulikuwa tunaokota korosho za shamba letu wenyewe tukizipeleka kwa mtu mwingine, na mama anatukataza hata kubangua moja ya kula. Mwaka 2018 bei ilipotangazwa 3,300 kwa kilo, baba hakuwa na gunia hata moja la kwake. Alikaa barazani siku nzima akisikiliza redio.

Kijana, wewe unajua mvua ilivyonyesha. Mzee hajui mvua ina maana gani kwenye hesabu yako. Hapo ndipo pabaya.

Mbishi_Shangani
Samahanini jamani, mimi naona hii ni chai, hadithi ya kutunga. Imewekewa na tangawizi.

Mosi, mchambuzi wa kampuni ya watu tisa anachangishana mtaji wa meli na mlinzi? Pili, anasema makaa yameloa, amejuaje yameloa kiasi gani? Maabara hajapeleka. Tatu, mama wa Nanyamba, mzee wa lindo, kijana haoni usingizi: hii imepangwa itutoe machozi. Mimi niko jirani na bandari, wiki hii sijaona meli ya makaa. Mtoa mada weka ushahidi au ufunge uzi.

BabaShamimu
Kweli bwana, na mimi nilishaanza kuingiwa na shaka. Kuna jamaa mwaka juzi alilia humu kuhusu mke wake, tukamshauri usiku kucha, kumbe hata hajaoa.

KijanaWaNaliendele
Meli nimesema inategemewa, sijasema imefika.

Unyevu nilipima mwenyewe, sikutaka kusema kwa sababu si kipimo rasmi. Jumapili nilichota makaa ndoo moja, nikayaponda, nikapima kilo moja kamili kwenye mzani wa dada jirani yangu anayeoka keki. Nikayatandaza kwenye sinia, tukaiweka kwenye oveni yake kwa nyuzi 105 kwa muda wa saa sita, kisha nikapima tena mpaka uzito ukaacha kushuka. Ilibaki gramu 870. Dada amenidai elfu kumi ya kusafisha oveni.

Majibu ya mwezi uliopita yanasema unyevu asilimia 8 na joto la kilokalori 5,900 kwa kilo. Mkataba ni 5,800. Ikishuka chini ya 5,600 mnunuzi ana haki ya kukataa mzigo wote. Kwa hesabu yangu tuko 5,579.

Mbishi_Shangani
Makaa ya mawe ndani ya oveni ya keki na nyumba haikuungua. Chai imeiva.

MwalimuMstaafu_Masasi
Mbishi, hapo umekosea. Makaa ya mawe hayawaki kwa nyuzi 105. Maabara nako unyevu hupimwa kwa kukausha karibu na joto hilohilo. Nimefundisha kemia miaka 31.

Nimeirudia hesabu yake. Unyevu ukiwa 8, kitu kikavu ni 92. Ukiwa 13, kikavu ni 87. Chukua 5,900 zidisha kwa 87, gawa kwa 92, unapata 5,579 na desimali kidogo. Anayetunga hadithi huwa hafikishi hesabu mpaka hapo.

Ila nawe kijana nikusahihishe. Ndoo yako uliichota wapi? Kama ni juu ya rundo au ubavuni, umepima sehemu iliyonyeshewa zaidi. Katikati huenda pakavu. Rundo la tani 8,000 halipimwi kwa ndoo moja. Unachota kidogo kidogo sehemu nyingi, juu, chini na kati, unachanganya, unagawa, ndipo unapima. Huna uhakika kwamba mzigo ni mbovu. Wala bosi wako hana uhakika kwamba ni mzuri.

KijanaWaNaliendele
Mwalimu, shikamoo. Nilichota juu na ubavuni. Hilo sikulifikiria, na mimi ndiye mchambuzi.

DerevaWaTunduru
Mwite mkaguzi achukue sampuli upya kabla meli haijafika. Gharama yake ndogo kuliko mzigo kukataliwa bandari ya watu, siku zinahesabika na kila siku meli ikisimama ni dola. Makaa yakiwa mabichi, yageuzeni, yaanikeni jua likitoka, funikeni. Au mwambieni mnunuzi ukweli mshushe bei kwa tani. Wahindi hawa wanajadiliana, hawali watu.

MamaWaLigula
Fanyeni hayo yote. Mimi bado nauliza Mzee.

*Kesho yake, saa 3 usiku*

KijanaWaNaliendele
Nimetoka lindoni sasa hivi.

Nilimkuta kwenye kiti chake cha plastiki chini ya bati, mvua inanyesha tena. Nikamwambia yote: mvua, majibu ya zamani, oveni, kwamba huenda nimepima vibaya. Nikamwambia pia nimemdanganya bosi mama anaumwa ili nitoe zetu nimwache yeye. Hakunikatisha. Nilipomaliza alinyamaza kwa muda, halafu akaingiza mkono mfuko wa shati akatoa ile karatasi ya mwezi wa kumi na moja. Ameikunja mara nne, kingo zimeshaanza kukatika. Akanipa na kalamu yake ya kuandikia namba za malori, akasema, "Haya, sasa niandikie na hii ya mvua."

Nikamwandikia nyuma yake. Mkono ulikuwa unatetemeka. Nimeweka hesabu mbili, mzigo ukiwa mzima na ukikataliwa. Aliisoma polepole akifuatisha kwa kidole, akauliza asilimia moja ya unyevu ni sawa na ndoo ngapi kwenye tani. Nikamjibu kilo kumi, yaani kama nusu ndoo kubwa. Akasema kumbe ni kidogo. Nikamwambia zidisha kwa tano, maana zimeongezeka asilimia tano, halafu kwa tani 8,000. Akanyamaza.

Bosi nimemwandikia ujumbe kwamba sitatuma yale majibu, naomba mkaguzi achukue sampuli mpya, na kwamba mama haumwi. Ameusoma, hajajibu. Hela za wote bado zimo mle ndani, zangu pia. Dar nimewaambia wanipe wiki mbili.

BabaShamimu
Umeshajifukuzisha kazi, mdogo wangu. Mungu akusimamie.

Mbishi_Shangani
Mkaguzi akija hakikisheni anachota na katikati ya rundo, kama mwalimu alivyosema. Na majibu yakitoka yaweke hapa, yawe mazuri au mabaya. Nayasubiri.

MamaWaLigula
Na mama yako Nanyamba, ameshajua?

KijanaWaNaliendele
Bado. Naenda Jumamosi kwa basi la asubuhi. Hili siwezi kumwambia kwenye simu.