Kurasa 46 hazimo kwenye faharasa ya Google, nianzie wapi?

Mwambao_Tanga:
Wakuu, habarini. Tovuti ni ya kutembeza wageni Tanga (Amboni, Tongoni, Pangani), imejengwa kwa WordPress, ina kurasa 61. Search Console (zana ya Google ya kufuatilia tovuti) inasema zilizoingia kwenye faharasa, yaani orodha ya kurasa ambazo Google inaweza kuzionyesha kwenye matokeo, ni 15 tu. Zilizobaki: 28 zimegunduliwa ila hazijasomwa, 11 zimesomwa ila hazijaingizwa, 4 zina noindex (agizo la kuiambia Google isiuingize ukurasa), 3 zinaelekeza kwingine. Ramani ya tovuti (faili lenye orodha ya anwani za kurasa) imepokelewa bila kosa. Kila siku nabonyeza ombi la kuingizwa, hakuna kinachobadilika.

FundiWavuti:
Mkuu, hizo ni hali nne tofauti, usizitibu kwa dawa moja. Zile 3 ziache, ukurasa unaoelekeza kwingine hautakiwi kuingia. Zile 4 fungua moja moja, uangalie mipangilio ya programu-jalizi ya SEO (ya kusaidia tovuti ionekane kwenye utafutaji) chini ya ukurasa. Ukikuta pako sawa, kagua vichwa vya majibu ya seva (maelezo yanayotumwa pamoja na ukurasa, nje ya HTML): X-Robots-Tag nayo hubeba noindex, na ukisoma HTML peke yake huioni.

Jambo moja watu wengi hulikosea: ukurasa usiotaka uonekane Google usiufungie kwenye robots.txt (faili la kuiambia roboti isipite wapi) huku umeuwekea noindex. Roboti (programu ya Google inayosoma kurasa) ikizuiwa mlangoni haiisomi hiyo noindex, na anwani inaweza kutokea kwenye matokeo bila maelezo.

Bandarini:
Kazi kubwa iko kwenye zile 28. Google inazijua anwani, haijaenda kuzisoma. Ramani ya tovuti huonyesha njia tu, hailazimishi mtu kupita. Fungua takwimu za utambazaji (roboti kupita na kusoma kurasa) ndani ya mipangilio ya Search Console, utazame wastani wa muda wa seva kujibu na makosa ya 5xx (hitilafu za upande wa seva). Seva ikizidiwa, roboti hupunguza mwendo. Kisha hesabu viungo: ukurasa usiounganishwa na ukurasa mwingine wowote wa tovuti yako ni yatima. Uunganishe na ukurasa wa mwanzo au wa orodha ya safari.

Zile 11 ni suala la maandishi. Roboti imesoma ikaona hakuna jipya. Kama ukurasa wa Amboni na wa Tongoni una aya zilezile, umebadilisha jina tu, ndiyo sababu. Wa Amboni ueleze mapango ya chokaa, viatu vya kuvaa, muda wa kutembea ndani. Wa Tongoni ueleze magofu ya msikiti na makaburi, na barabara ya Pangani.

Mwambao_Tanga:
Kweli, maandishi yanafanana. Nifute?

FundiWavuti:
Usifute. Za mahali tofauti ziandike upya kama alivyosema Bandarini, zinazorudia jambo lilelile unganisha. Chagua ukurasa mmoja uliokamilika, nyingine zinazofanana nao uzielekeze huko kwa 301 (uelekezaji wa kudumu), halafu uzitoe kwenye ramani na urekebishe viungo vya ndani. Ombi la kuingizwa liwasilishe mara moja baada ya marekebisho. Kulirudia hakukusogezi mbele kwenye foleni. Uthibitishaji wa marekebisho ndani ya Search Console huweza kuchukua wiki mbili au zaidi, kwa hiyo andika tarehe ya kila badiliko ujue lipi limefanya kazi.