Mnada wa korosho ukilipa tu, difenda ya polisi inaanza kuzoa "walevi". Huu ni uonevu!

Wakuu, nimevumilia misimu mingi lakini hili la juzi limenishinda.

Hapa kwetu Mtwara, kuanzia Masasi, Newala hadi Tandahimba, kila mtu anajua mambo yanavyokwenda. Oktoba korosho zinaingia ghalani, minada inapigwa, hela inaingia kwa wakulima. Mabibo (matunda ya mkorosho) yamejaa mashambani, uraka, yaani pombe ya mabibo, upo kila kona. Na hapo hapo ndipo difenda inapoanza kuzungukia vilabu jioni, inazoa watu kwa kosa la "ulevi". Njoo mwezi wa nne, mifuko imekauka, mtu atalewa alale mtaroni mpaka kuche na hakuna askari wa kumgusa. Ni ulevi gani huu unaogeuka kosa baada ya malipo ya mnada?

Juzi Ijumaa wamembeba mjomba wangu. Mzee wa miaka sitini na kitu, katoka zake kilabuni, kakaa kwenye benchi nje ya duka anasubiri bodaboda. Hajatukana mtu, hajapigana, hajaziba njia. Askari kamsogelea, kamwambia "hebu pumua", kanusa, kisha "panda gari". Basi.

Nilipofika kituoni (sikitaji, wahusika watajijua) nikaona kofia yake na mkanda wake vimewekwa juu ya kaunta. Nauliza kosa, naambiwa ulevi. Nauliza kifungu, naulizwa "kwani wewe wakili?" Nauliza kama jina lake limeandikwa kitabuni, kimya. Mke wake akavutwa pembeni: elfu hamsini, la sivyo mzee analala ndani mpaka Jumatatu kwa sababu wikendi hakuna mahakama. Mama wa watu akasema hana hela taslimu. Akajibiwa, "si kuna wakala hapo ng'ambo, katoe." Ukutani nyuma ya huyo huyo askari kuna tangazo kwamba dhamana ni haki na haitolewi kwa fedha. Mama akaenda kwa wakala, akatoa, akarudi, mzee akafunguliwa. Risiti hakuna, na wala hakuna karatasi yoyote aliyosaini.

Sasa tuelewane. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka mtu anayekamatwa aambiwe sababu. Inasema pia kwamba aliyekamatwa bila hati, kama haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24 na kosa lenyewe si zito, mkuu wa kituo anapaswa kumwachia kwa dhamana. Kwa hiyo Ijumaa jioni siyo kisingizio cha kumlaza mtu ndani siku tatu. Ijumaa jioni ndiyo sababu ya kumtoa!

Ukiwabana wanahamia kwenye uzururaji. Haya, Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapa hapa nchini kwetu Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za aina hiyo, tulizorithi kwa wakoloni, zinapingana na Mkataba wa Afrika. Na mzee aliyekaa nje ya duka mtaani kwake anazururaje?

Halafu wanachanganya makusudi uraka na gongo. Gongo inachemshwa na kukingwa mvuke, na ni haramu, hilo halina ubishi. Uraka ni maji ya mabibo yaliyochachuka. Kama kilabu hakina leseni au kinauza nje ya saa, Sheria ya Vileo ipo, mkamateni mwenye kilabu. Mbona hawamgusi? Kwa sababu kilabu kikifungwa, kesho watawazoa wapi watu?

Dereva wa basi anapulizia kipimo na namba inaonekana. Mkulima anapimwa kwa pua ya askari.

Najua atakuja mtu hapa aseme walevi ni kero. Wapo, tena wengi. Kuna mwanamama mtaani kwetu alipigwa usiku na mumewe aliyelewa, majirani wakapiga simu kituoni, jibu likawa gari halina mafuta. Kuna vijana wa bodaboda wanalewa mchana kweupe na kupakia mishikaki (abiria zaidi ya mmoja) kwenye barabara ya lami, kila mtu anawaona. Hao wakamateni hata leo, nitawapigia makofi. Ila kwao hakuna hela ya korosho, ndiyo maana mafuta hayapatikani.

Walioko Nachingwea, Ruangwa na Liwale, semeni kama huko nako ni hivi hivi. Mwenye kujua shirika linalotoa msaada wa kisheria bure huku kusini aliweke hapa. Kesho asubuhi naenda na mjomba kwa mkuu wa kituo kudai risiti ya elfu hamsini na kuonyeshwa jina lake kitabuni. Akikataa, barua ya RPC (kamanda wa polisi wa mkoa) nimeshaiandika.